Boti ya faiba ya kuvulia Lamu: gonga tezi kwanza, bei baadaye

Chukua nyundo ndogo ya mpira, au hata sarafu ya shilingi kumi, uende kwenye tezi, yaani nyuma ya boti pale mashine inapofungwa. Gonga kuanzia juu, kila baada ya vidole vinne, ushuke mpaka kwenye tundu la kizibo. Tezi nzima hulia kavu: ta, ta, ta. Ukisikia "du", sauti iliyozama kama ya dafu lenye maji, ujue mbao ya ndani imelowa na huenda imeshaoza. Rangi mpya haibadilishi sauti hiyo. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kabla ya kuulizana bei, kabla hata ya kuwasha mashine.

Watu wengi wa Amu, Shela na Faza wanaohama kutoka mashua ya mbao kwenda faiba huambiwa kwamba faiba haiozi. Ni kweli nusu. Faiba yenyewe haitaki kalafati (pamba ya kuziba nyufa) wala deheni (mafuta ya kupaka mbao), na wadudu wa bahari hawaitoboi. Lakini boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya tezi, na mara nyingi ndani ya sitaha na mihimili ya chini pia. Maji yakipata njia hayatoki tena, maana faiba imeyafungia pande zote mbili. Mbao ya mashua hupata hewa ikakauka, ya ndani ya faiba hubaki mbichi mpaka igeuke unga.

Njia ya maji karibu kila mara ni tundu la skrubu. Mtu amefunga ngazi, bomba la kuwekea mshipi au kifaa cha kupimia kina, akatoboa tezi chini ya mstari wa maji na kukaza skrubu kavu bila gundi ya baharini. Njia nyingine ni kijibomba cha shaba cha tundu la kizibo. Kikilika, maji huingia kwenye plaiwudi kila siku boti ikielea. Chomoa kizibo, tia kidole ndani ya tundu, upapase ukingo wake wote. Ukikuta bomba limepasuka au kidole kinatoka na unga mweusi wa mbao, tezi hiyo ni ya kufumuliwa.

Kisha inua mashine nusu, shika mguu wake kwa chini, uukandamize kwa uzito wako huku mwenzako akiangalia tezi. Tezi isicheze kabisa. Ikipinda, au nyufa za kona zikifunguka na kufumba, tosheka na ulichokiona. Mashine ya nguvu za farasi 40 ya stroki mbili ina kilo 70 na kitu, na ikisukuma kwa kasi huivuta tezi kuliko uzito wake. Kutengeneza tezi ni kukata ngozi ya ndani, kuchimba mbao yote iliyooza, kuweka plaiwudi ya baharini iliyolowekwa gundi ya epoksi hadi unene wa milimita 38 hadi 50, na kufunga tena kwa matabaka ya faiba. Kazi hiyo hufanyika na hufanyika vizuri, lakini gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji.

Sasa umbo. Boti ambayo Wamarekani wa Florida na Texas huitumia kwenye ghuba zao ina futi 18 hadi 24, ubavu mfupi, usukani katikati, sitaha pana mbele na nyuma ya kusimama na kurusha ndoana, na tumbo lenye pembe ndogo ya umbo la V, digrii 12 hadi 18 hivi pale tezini. Imetengenezwa kwa maji haba yenye viwimbi vifupi, na kwa kukata ghuba kwenda upande wa pili bila kumvunja mtu mgongo. Ukiangalia ramani ya Lamu utaona kwa nini inatufaa: Ghuba ya Manda, mito ya mikoko ya Dodori na Kipungani, mafungu ya mchanga kote, na bahari inayopanda na kushuka karibu mita 3 siku za bamvua, yaani maji makubwa. Siyu na mji wa Pate huingiliwa maji yakijaa. Ukichelewa unapwelewa, na saa sita za kukaa kwenye matope ukiwa na samaki kwenye barafu ni hasara.

Kwa uvuvi wa ndani, changu, tafi, kolekole na kaa, tafuta boti inayozama sentimita 30 hadi 40 mashine ikiwa imeinuliwa. Usikubali namba ya kitabuni. Pima boti ikiwa imepakiwa: tanki limejaa, sanduku la barafu limejaa, watu wanne ndani. Boti inayozama sentimita 30 ikiwa tupu inaweza kuzama 45 ikiwa na kazi, na sentimita hizo 15 ndizo tofauti ya kupita mfereji au kusubiri maji.

Lakini boti hiyo hiyo ukiitoa mdomo wa Shela wakati wa kusi utaijutia. Maji yakitoka huku kusi ikipuliza kutoka nje, mkondo na upepo hupigana, wimbi likasimama wima, fupi na kali. Tumbo lenye digrii 12 hupiga juu ya wimbi kama mtu anayeangusha meza, na kipigo hicho ndicho kinachopasua mihimili miaka miwili baadaye. Malindi ni vivyo hivyo, maana ghuba yake iko wazi upande wa mashariki na hakuna kisiwa cha kukukinga. Anayefuata nguru, jodari au sulisuli nje ya mwamba atafute tumbo la digrii 18 hadi 22, omo (mbele ya boti) lililoinuka, na ubavu unaomfika mtu juu ya goti akiwa amesimama ndani. Atalipa kwa mafuta zaidi na kwa boti inayoyumba ikisimama, kwa sababu tumbo lenye pembe kali halitulii kama lile bapa. Hakuna tumbo linalofanya yote mawili vizuri. Kwa mvuvi wa Lamu anayetoka nje msimu wa kaskazi tu, bahari ikiwa shwari, mimi ningechukua futi 21 hadi 22 yenye digrii 16, nikae ndani miezi ya kusi.

Futi 18 ni ndogo? Kwa watu wawili na mishipi, hapana. Kwa nyavu, ndiyo. Wamarekani hukadiria watu wa boti ndogo kwa kuzidisha urefu na upana kwa futi, kisha kugawanya kwa 15. Futi 20 kwa 7 na nusu inatoa watu 10. Hiyo ni hesabu ya watu wenye mikono mitupu. Kwa uvuvi gawanya tena kwa mbili. Boti yao iliyo chini ya futi 20 huwa na kibao kinachotaja watu, uzito na nguvu ya juu ya mashine. Kama kibao kimeng'olewa, uliza sababu.

Turudi kwenye faiba yenyewe. Ingiza tochi chini ya sitaha na uangalie upande wa ndani ambao haukupakwa rangi. Kitambaa kilichosukwa kinaonekana kama mkeka wa mraba mraba, na hicho ndicho chenye nguvu. Ukiona nyuzi fupi zilizotawanyika tu, boti ilinyunyiziwa na hakuna tabaka la kusukwa, basi uzito upo na nguvu hakuna. Sehemu nyeupe kavu ambapo rezini, gundi inayoshika faiba, haikufika nyuzi ni kosa la kiwanda, na huanza kupasuka hapo. Kwa nje kuna nyufa za aina mbili zisichanganywe. Zile ndogo zinazotawanyika kama utando wa buibui kuzunguka nguzo au kona ni za jelikoti, yaani ngozi ya nje inayong'aa, na mara nyingi hazina shida. Ufa mrefu ulionyooka chini ya tumbo, unaofuata mstari wa mhimili, una maana mhimili umeachana na ngozi. Ukiukuta huo, ondoka mikono mitupu.

Malengelenge chini ya mstari wa maji nayo yachunguzwe. Toboa moja kwa msumari, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kikitoka kimaji chenye harufu ya siki, maji yamepenya jelikoti na yanakula rezini. Machache hutengenezeka: saga, osha kwa maji yasiyo ya chumvi, acha ikauke wiki kadhaa kivulini, kisha epoksi. Na kwa tundu lolote, usilizibe juu juu. Saga ukingo uwe mteremko wa mara 12 ya unene: faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60 kila upande, la sivyo kiraka hubanduka kama ganda la kidonda. Epoksi hushika juu ya poliesta, rezini ya kawaida ya boti, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, na mafundi wengi hukosea hapo.

Boti nzito kuliko ilivyotakiwa, inayokaa chini nyuma hata ikiwa tupu, mara nyingi povu gumu la chini ya sitaha limelowa maji. Omba ruhusa utoboe tundu dogo la milimita 6 pale chini kabisa mwa ngama, yaani shimo la ndani maji yanakokusanyika. Yakitoka maji, umepata jibu, na tundu huzibwa kwa epoksi.

Sitaha inayojitoa maji ijaribiwe, isisadikiwe. Simamisha watu wanne tezini, sanduku la barafu likiwa limejaa, uangalie kama bahari inarudi ndani kupitia matundu ya kutolea maji. Ikirudi, sitaha iko chini mno kwa kazi yako. Pampu ya ngama ya galoni 1,000 kwa saa haitoi kiasi hicho ikipandisha maji kwenye mpira wenye kona tatu, kwa hiyo weka mbili, moja na swichi inayojiwasha, na ndoo ya kufulia maji isikosekane.

Mashine ina mambo matatu tu yanayokosewa. Urefu wa mguu kwanza: tezi ya inchi 20 huchukua mguu mrefu, ya inchi 15 mguu mfupi. Bapa lililo juu ya propela liwe sawa na sehemu ya chini ya tumbo au chini yake kidogo. Likikaa juu, mashine hulia na kupoteza nguvu kila ukikata kona. Likikaa chini mno, unakokota chuma majini na kuchoma petroli. Pili ni mafuta. Nguvu 40 ya stroki mbili ikifunguliwa yote hula karibu lita 20 kwa saa, ya stroki nne karibu 15, lakini ya stroki nne ina kilo karibu 100 na inataka fundi mwenye vifaa. Kwa visiwani, ambako spea za Yamaha ya stroki mbili ni rahisi kupata na kila fundi anaijua, bado naona ile ya zamani ina haki yake. Oili ni 1 kwa 50, yaani mililita 500 kwa lita 25, na mashine mpya huanza na 1 kwa 25. Tatu, iliyotumika isinunuliwe kabla ya kupima mgandamizo. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Fungua skrubu ya chini ya gia uangalie oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na ikiwaka lazima ikojoe, yaani itoe maji ya kupozea, mkojo wenye nguvu, usio wa moto wa kuunguza.

Sanduku la barafu likae katikati, karibu na usukani. Kwa joto letu ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, na sanduku la lita 200 likijaa ni mzigo wa watu wazima wawili au zaidi. Likiwekwa tezini, boti hutembea omo likiwa juu na nahodha haoni mafungu.

Jaribio la bahari lifanywe na mzigo kamili, asubuhi na tena alasiri upepo ukishaamka. Fungua mashine yote na usome mizunguko. Nguvu 40 nyingi za stroki mbili hutakiwa kufika 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Isipofika, propela ina mlalo (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja) mkubwa kwa mzigo wako, na kupunguza inchi moja hupandisha mizunguko karibu 200. Kisha zima, kaa ubavuni mwa wimbi dakika kumi, watu wote wakae upande mmoja kama wanaovuta mshipi. Sikiliza maji yanakoingia.

Kabla ya kulipa, angalia kwamba namba iliyo kwenye boti, kwenye cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari na kwenye usajili wa idara ya uvuvi ni moja, na namba ya mashine imo kwenye hati ya mauziano. Ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko, ya bandari ya muuzaji huijua boti hiyo na mwenyewe, na mara nyingi huko ndiko utakakosikia kama iliwahi kupanda mwamba. Ikiwa iliwahi, rudi nayo ufukweni maji yakipwa, lala chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na tochi, upapase mahali hapo kwa kiganja. Kiraka kizuri hakihisiki kabisa. Kibaya kina ukingo mwembamba kama wa kucha, na chumvi iliyokauka hutoka humo kila boti ikikaa juani.