Lipu na Mchwa

Siku ya nne leo, na sauti ya yule bibi tuliyemtia saruji ya mfupa kwa sindano, kwenye pingili ya pili ya kifua iliyoliwa na saratani, haijanitoka. Alikuwa amelala kifudifudi mezani, ganzi imeshaingia, akauliza: "Mwanangu, hiyo saruji itaua saratani?" Nikajibu, "Hapana bibi, itakaza mfupa tu, maumivu yapungue." Akanyamaza. Kisha: "Kumbe mnapiga lipu, na mchwa bado wamo."

Nikakosa la kusema. Idara imepata mkuu mpya, mashine ya eksirei imefika, mimi niko palepale kwenye mchwa.

Maana kasema kweli. Hata Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, madaktari Galibert na Deramond walipotia saruji kwa mara ya kwanza pingili ya pili ya shingo, uvimbe ule ulikuwa wa mishipa ya damu, na kilichotulizwa ni maumivu. Saruji hushika nyufa zinazosuguana mgonjwa akijigeuza. Mchwa wana fundi wao, mionzi. Ningemwambia hivyo: si lipu bibi, ni nguzo, fundi wa mchwa anakuja wiki ijayo. Jibu limekuja nikiwa kwenye daladala!

Tena huko juu ya kifua si pa kubahatisha. Mabega huziba picha ya eksirei ya ubavuni, ndiyo maana tulimpeleka kwenye siti skani. Sindano ilipita kati ya ubavu na pingili, pafu upande mmoja, ugwe mgongo upande wa pili. Ukuta wa nyuma wa pingili ulikuwa umeliwa, na saruji ikivujia huko hubana neva. Ikiwa nyepesi kama uji hukimbilia kwenye vena hadi mapafuni. Kwa hiyo unangoja iwe nzito kama dawa ya meno, unasukuma robo mililita, unatazama, unasukuma tena. Kiyoyozi kilikuwa kimezima, na joto huigandisha upesi, muda wetu ukapungua. Tuliishia mililita 2. Kujaza pomoni hakuongezi nafuu, kunaongeza uvujaji. Kabla ya kuchomoa, msumari wa ndani unarudishwa sindanoni na sindano inazungushwa, la sivyo mkia wa saruji unabaki kwenye misuli. Mabaki unayaacha kibakulini: yasipogonga kama jiwe, mgonjwa hageuzwi.

Yote hayo nayajua kwa kichwa. Sentensi moja ya mchwa ikanishinda.

Jana asubuhi nilipita wodini. Nimemkuta ameketi, mikono yote miwili juu, anajifunga kilemba. Wiki iliyopita mikono ile haikufika hata sikioni bila mofini. Akaniona. "Fundi! Lipu imekauka."

Nilicheka mpaka nesi akanitolea macho. Habari ya nguzo sikuitaja tena, nilimwonyesha tu karatasi ya miadi ya mionzi, akaikunja akaitia kwenye pindo la kanga.