Panya mwenye kisukari na vipimo viwili vya jicho

Wazee wa mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, huniuliza panya anaweza kufundisha nini kuhusu macho ya mtu mwenye sukari. Anafundisha mengi, ila majibu yake hupotoka kirahisi mno iwapo mpimaji hakuwa makini.

Panya wengi wa utafiti huu hupewa kisukari kwa sindano ya streptozotosini, ambayo huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Presha ya jicho hupimwa kwa kifaa kinachorusha kijiti chepesi hadi kwenye konea, yaani kioo cha mbele ya jicho; kadiri presha ilivyo kubwa, ndivyo kijiti kinavyodunda na kubanduka upesi. Panya aliyezoeshwa kushikwa hupimwa akiwa macho, njia ninayoipendelea, kwa kuwa isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta puani, hushusha presha hiyo. Saa nayo huchangia, maana presha ya panya hupanda usiku. Anayepima kundi moja asubuhi na jingine usiku analinganisha saa tu.

Kupima retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kazi kubwa zaidi. Panya hukaa gizani usiku kucha, hutayarishwa chini ya taa nyekundu hafifu, kisha kitanzi cha waya huwekwa juu ya konea ili kinase umeme ambao retina huutoa inapomulikwa, umeme aliougundua Frithiof Holmgren wa Uswidi mwaka 1865. Wimbi la kwanza hushuka, nalo ni la seli zinazopokea mwanga. La pili hupanda, likitokana hasa na seli za baipola, zinazopokea ishara kutoka kwa hizo za kwanza, na mgongoni mwake hupanda vijiwimbi vidogo vidogo. Vijiwimbi hivyo ndivyo ninavyovitazama kwanza, kwani kisukari huweza kuvidhoofisha au kuvichelewesha kabla madhara ya mishipa ya damu hayajaonekana.

Hata katika joto la Tanga la Februari, panya aliyelazwa kwa dawa hupoa haraka, na mwili ukipoa mawimbi hufifia, kwa hiyo hulazwa juu ya mkeka wenye joto. Zailazini, dawa ya kulaza inayochanganywa na ketamini, hupandisha sukari, hivyo damu ya kupima sukari ichukuliwe kabla ya sindano hiyo. Lenzi nayo ikaguliwe mapema: sukari hugeuka sorbitoli ndani yake, mtoto wa jicho hujitokeza, mwanga huzuiwa, na retina husingiziwa ugonjwa. Uvimbe wa makula, sehemu ya katikati ya retina inayoona kwa ukali, unaowapata wagonjwa wetu, hata hivyo, hausomeki kwa panya, maana hana makula.