Mkataba wa Nusu Siku

Nilistaafu mwishoni mwa mwaka 2020 nikiwa na umri wa miaka 60, baada ya kutumikia kwa muda mrefu kama karani wa hesabu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha iliyokuwa ikigomboa mizigo katika Bandari ya Dar es Salaam. Niliagwa vizuri. Nilipewa doti ya kitenge na cherehani, hotuba zikasomwa, na kila aliyesimama alinitakia mapumziko mema. Jambo ambalo halikutajwa siku ile, na ambalo mimi nililijua kuliko wote waliokuwamo ukumbini kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiandaa orodha ya bima kila mwaka, ni kwamba kadi yangu ya matibabu na ile ya mume wangu zingefungwa mara tu jina langu litakapoondolewa kwenye orodha ya mishahara.

Mzee wangu ana kisukari na presha. Maisha yake yote alikuwa fundi magari wa kujitegemea, na hakuwahi kuchangia mfuko wowote. Bima yake ilikuwa ni mimi. Dawa zake, metformin na amlodipine, si ghali ukizihesabu kidonge kimoja kimoja, lakini ni za kila siku ya Mungu, na nyuma yake hufuata vijiti vya kupimia sukari, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kliniki ya macho, na mara nyingine kidonda cha mguu kinachotaka kusafishwa na kufungwa hata wiki mbili mfululizo. Pensheni yangu ya NSSF ilitosha chakula, umeme na maji. Kiinua mgongo kilikwisha kuingia kwenye paa la nyumba yetu ya Sinza, na sikujutia hilo hata kidogo, kwani mvua za Dar hazimsubiri mtu. Daktari ndiye aliyekosa fungu.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya serikali, hakunielewa nilipomweleza wasiwasi huo, na hakuwa na sababu ya kunielewa. Mtumishi wa umma aliyekuwa akikatwa mchango wa NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake baada ya kustaafu bila kuchangia tena. Sisi wa sekta binafsi, ambao bima yetu ilikuwa hiari ya mwajiri, tulitoka na barua ya shukrani. Niliulizia vifurushi ambavyo NHIF ilivitangaza Novemba 2019 kwa ajili ya watu binafsi, nikakuta bei inapanda kwa kadiri ya umri, na sisi tulikuwa katika kundi la juu kabisa. Kampuni za bima za binafsi ndizo zilizonichosha zaidi: moja ilikataa kupokea mtu mpya aliyefikisha miaka 60, na nyingine ilikuwa tayari kutupokea ila magonjwa sugu tuliyokuja nayo yangewekwa kando, yaani wangemtibu mzee wangu kila kitu isipokuwa alichokuwa anaumwa.

Nilikasirika, lakini ukarani ulinifundisha kutazama hesabu ya upande wa pili. Mzee mmoja mmoja anayekwenda kununua bima kwa hiari yake mara nyingi ni yule ambaye tayari anaumwa, na mwenye kampuni anajua hivyo. Kundi la wafanyakazi ni jambo jingine. Humo wamo vijana wengi ambao mwaka mzima hupita hawajameza hata panadol, na michango inayotolewa kwa majina yao ndiyo inayowabeba wachache wenye maradhi. Kwa hiyo nilichokuwa nikikitafuta, nilipolipima jambo hili kwa utulivu, kilikuwa ni kundi la kuingia, na mlango wa kuingilia kundi ni ajira.

Agosti 2021 niliingia katika supamaketi moja ya Mikocheni kununua unga wa dona, nikaona karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mlango: anahitajika mtu wa kupokea mizigo na kusaidia kaunta, zamu ya asubuhi, nusu siku. Nililisoma tangazo hilo mara mbili nikitafuta ule mstari tulioukariri sote, wa umri usiozidi miaka 30, na sikuuona. Nikamwuliza binti wa kaunta nani wa kumwona. Alinielekeza kwa meneja akidhani, bila shaka, kwamba ninamwulizia mtoto wangu.

Meneja alikuwa kijana wa rika la kitindamimba wangu. Alisimama, akasema, “Shikamoo, Mama,” nikamwitikia, kisha sote wawili tukabaki tumekwama, kwa sababu si rahisi kumsaili mtu uliyekwisha kumwamkia. Alianza kuniuliza kama ninaweza kusimama kwa muda mrefu, akaona aibu, akaliacha swali katikati. Kilichotuokoa ni gari la mafuta ya kula lililofika wakati ule ule kwenye mlango wa nyuma, na kwa kuwa mpokeaji wa mizigo alikuwa ameacha kazi wiki ile, meneja aliniomba radhi akatoka kwenda kupokea mwenyewe. Nilimfuata. Sikuombwa, ila nilikuwa na mazoea.

Ankara ilisema katoni 10, kila moja ikiwa na chupa 12 za lita moja, na kweli katoni zilikuwa kumi zimepangwa vizuri juu ya kitoroli. Kijana alihesabu, akashika kalamu atie sahihi. Mimi nilikuwa nikitazama gundi ya utepe iliyofunga katoni. Ingawa kazi yangu ya zamani ilikuwa ya mezani, mara nyingi nilitumwa kulinganisha orodha na mzigo kontena linapofunguliwa, na karani yeyote wa bandarini atakuambia kwamba katoni iliyokwisha kufunguliwa haifichiki: gundi ya kiwandani huwa imekatwa kwa wembe katikati, kisha juu yake hupitishwa gundi nyingine inayong'aa, isiyolingana nayo kwa upana. Katoni ya chini, upande wa ukutani, ilikuwa hivyo. Nikamwomba meneja aifungue kabla ya kutia sahihi. Ndani mlikuwa na chupa kumi, na pale palipokosekana mbili palijazwa vipande vya boksi vilivyokunjwa kwa ustadi ili katoni isitikisike. Mwaka ule bei ya mafuta ya kula ilikuwa imepanda vibaya, na chupa mbili zilikuwa fedha ya kweli. Dereva aliapa kwa majina yote kwamba hajui lolote, na huenda hakujua. Ankara ilirekebishwa kwa kalamu nyekundu, naye akatia sahihi pembeni.

Tuliporudi ofisini usaili ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni masharti, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Meneja aliniambia kwamba mwenye duka yuko tayari kulipa shilingi 180,000 kwa mwezi kwa zamu ya saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, siku tano kwa wiki, na akaongeza kwa fahari kwamba kima cha chini cha sekta ya biashara, wakati ule, kilikuwa 115,000 kwa mtu wa siku nzima. Alikuwa sahihi, na kwa nusu siku ulikuwa mshahara mzuri. Nikamwuliza habari ya bima. Akasema bima ni ya wafanyakazi wa kudumu wa kutwa, wa nusu siku hawamo, ndivyo ilivyokuwa tangu duka lilipofunguliwa.

Nilimwomba anionyeshe mahali palipoandikwa hivyo. Hapakuwa na mahali. Mkataba wa bima ya kundi ulisema mfanyakazi aliye katika orodha ya mishahara, na ukomo wa kuingia ulikuwa miaka 65, kwa mwajiriwa na kwa mwenza wake vilevile. Niliusoma ukurasa huo taratibu, kwa sababu mzee wangu alikuwa na miaka 64 na angetimiza 65 Novemba. Aliyekwisha kuingia asingetolewa kwa umri mpaka afike 70. Hivyo tulikuwa na kama miezi mitatu ya kupita katika mlango ule.

Nikamwambia meneja, “Mwanangu, nipunguzieni mshahara uwe 130,000, ila mniingize mimi na baba yenu kwenye kundi.” Alinitazama kana kwamba nimeomba kitu cha ajabu. Watu wote aliowahi kuwaajiri walipandisha mshahara. Hakuwahi kukutana na anayeushusha. Alipiga simu kwa mwenye duka, kisha kwa wakala wa bima, akanipa kiti na chupa ya maji, nami nikakaa pale nikiwatazama wateja wakipita. Jibu halikutoka siku ile. Lilipokuja, lilikuja likiwa limeandikwa: mkataba wa mwaka mmoja, mchango wa NSSF, jina langu kwenye orodha inayopelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, likizo kwa uwiano wa saa zangu, na bima ya watu wawili. Niliutia sahihi baada ya kuomba nakala yangu, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi na kumpa mfanyakazi, na nimeona wengi mno wakifukuzwa kwa mikataba iliyobaki kabatini mwa bosi.

Nyumbani hawakufurahi. Binti yetu wa kwanza alisema watu wataona watoto wameshindwa kututunza, na mdogo wake akaleta hoja ya kiuchumi: Shoprite iliyauza maduka yake ya hapa kwa Nakumatt mwaka 2014 ikaondoka, na Nakumatt nayo haikudumu, kwa hiyo naweka imani yangu katika biashara isiyo na mizizi. Hoja ya pili niliipa heshima yake. Ya kwanza niliijibu kwa kuwapa karatasi yenye gharama za baba yao za miezi sita iliyopita, nikawaomba wagawane. Wakasoma, wakanyamaza, na mjadala ukahamia kwenye nauli ya daladala.

Kazi yenyewe niliipenda mapema kuliko nilivyotarajia. Asubuhi nilipokea mizigo stoo, nikihakikisha kwamba cha zamani kinasogezwa mbele ya shelfu na kipya kinakaa nyuma, na kuanzia saa nne nilikaa kaunta. Tozo ya miamala ya simu ilikuwa imeanza Julai 15, na wateja waliokuwa wamezoea kulipa kwa simu walirudi kwenye noti, tena noti za elfu kumi kwa mkate mmoja, hivyo chenji ikawa vita ya kila asubuhi. Foleni ilipokuwa ndefu vijana walitaharuki. Mimi nilipanga foleni katika duka la ushirika la Magomeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukisubiri sukari na ule unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na huwezi kunitisha kwa watu sita wenye vitoroli. Nilijipa pia mchezo wa kutazama tarakimu za mwanzo za bakodi: 620 ni za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania, 616 Kenya, 600 Afrika Kusini. Ilinipendeza kuona asali, chai na viungo vya 620 vikizidi katika vikapu vya wateja. Lililonichosha ni mabishano ya mifuko, kwani miaka miwili baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, bado kulikuwa na watu wenye magari makubwa waliokuja mikono mitupu na kuona mfuko mbadala wa kulipia kuwa ni dhuluma.

Vijana waliniita Mama mpaka kwenye ratiba ya zamu, jina langu halikuandikwa kabisa. Mara nyingi nilipowaona wakicheka mlangoni mwa stoo nilikumbuka hesabu yangu ya makundi. Hawakujua kwamba afya yao ndiyo iliyokuwa ikiniwezesha kumnunulia mtu mwingine dawa, na sikuona haja ya kuwaambia. Niliwafundisha kusoma gundi.

Kadi zilifika Oktoba. Tulikwenda hospitali moja iliyokuwa kwenye orodha ya bima, na mhudumu wa mapokezi alipomwuliza mzee wangu anafanya kazi gani, alijibu, “Mimi nimepumzika, mwajiriwa ni huyu hapa,” akinionyesha kwa kidole kama aliyeleta mtoto wake kuandikishwa shule. Alipimwa sukari ya miezi mitatu, ikawa juu kuliko tulivyotaka, daktari akaongeza dozi na kumwandikia kliniki ya macho. Dirishani mwa famasi tulitia sahihi tu. Mwezi wa Novemba akatimiza miaka 65 akiwa ndani ya kundi.

Kabla mwaka haujaisha meneja aliniita tena ofisini. Alitaka mtu wa zamu ya mchana wa aina yangu, akasema kwa uangalifu, mtu mzima. Nilimtaja mama mmoja wa mtaani kwetu aliyestaafu ukarani wa stoo kiwandani, mwenye miaka 62 na mume mwenye presha. Jioni ile nilikwenda kwake, nikamweleza njia ya kufika, nikamwambia abebe vyeti vyake vya NSSF na picha ndogo nne, na kwamba akifika aulize bima kabla ya kuuliza mshahara.