Kugoma Siku ya Sikukuu

Ramadhani inaingia kumi la mwisho, na barazani kwetu Mpendae, hapa mjini Unguja, mazungumzo ya baada ya tarawehe yamehama. Wiki iliyopita tulikuwa tukilalamikia bei ya mchele na ya nguo za watoto pale Darajani, lakini sasa kila anayefika na kikombe chake cha kahawa analeta uvumi ule ule, kwamba baadhi ya madereva wa gari za shamba, yaani gari za abiria za kwenda vijijini, wanazungumza kupaki magari yao sikukuu mosi na sikukuu pili, ikiwa hakuna atakayekaa nao kuzungumzia nauli na hesabu wanayompelekea mwenye gari. Uvumi unaweza kuwa upepo mtupu, na sikukuu ikapita magari yakipiga honi kama kawaida. Hata hivyo ubishi uliozuka umenikaa kichwani, na nimeona niuandike kabla mwezi haujaandama, maana ukishaandama kila mtu atakuwa na shughuli zake na hakuna atakayekuwa na subira ya kusikiliza hoja ya mwenzake.

Wengi barazani wanasema kwamba kugoma siku kama hiyo ni kukosa utu. Ami mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliweka kikombe chini na kusema kuwa anayetaka kumkomoa mwenye gari na amkomoe mwenye gari, asimkomoe mtoto wa Bwejuu aliyesubiri mwaka mzima kuja kupanda bembea. Ni hoja yenye uzito, na asiyewahi kuiona sikukuu ya huku huenda asiuelewe uzito huo. Kwetu Idi haimalizwi kwa swala na pilau. Ni siku nne za watu kuhama: watoto wa shamba wanaletwa mjini jioni, Mnazi Mmoja na Kariakoo, na kanzu zao mpya na magauni yao ya kumetameta, mkononi wamebana sarafu walizopewa kila nyumba waliyobisha hodi na kusema "sikukuu yangu", na wakati huo huo watu wa mjini wanaondoka kwenda Makunduchi, Nungwi, Mkokotoni na Jambiani kuwaona wazee wao. Kwa asiye na gari lake, na ndio wengi wetu, sikukuu yote hiyo inapita kwenye benchi la mbao la gari ya shamba.

Ukitaka kuijua kazi yenyewe, mtazame utingo wa gari hiyo magharibi ya sikukuu mosi. Amesimama kwenye ngazi ya nyuma, mguu mmoja ndani na mmoja unaning'inia, noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika baina ya vidole kwa thamani zake, mkono wa pili unampokea mtoto anayelala na kumpitisha juu ya vichwa vya watu mpaka kwa mama yake aliyekaa mbele, na mdomo haupumziki, kwani anamtaka huyu asogee, yule ashuke, na mwingine aliyelipa pungufu aongeze. Bodi limegongwa kwa ngumi mara mbili na gari imeondoka. Anaweza kuifanya kazi hiyo tangu baada ya swala ya Idi hadi saa nne za usiku bila ya kukaa chini. Kila mwaka tunamwona, na sijui kama tunakumbuka kumuuliza amekula saa ngapi.

Jirani yangu ni dereva wa miaka mingi, na ndiye aliyenifanya nisikubaliane moja kwa moja na ami. Alinieleza hesabu yake kwa utulivu, kama anayemsomea mtu risiti. Gari si yake. Kila siku anampelekea mwenye gari fungu lililokubaliwa, abiria wawepo wasiwepo, na fungu hilo ndilo wanaloliita hesabu. Kabla ya hapo ametia mafuta, na bei ya mafuta inatangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, kwa hiyo hana la kusema juu yake. Nauli anayotoza imepangwa na serikali, kwa hiyo na hiyo hana la kusema juu yake, na akiizidisha hata kidogo atakutana na trafiki au na abiria mkali kuliko trafiki. Anachobaki nacho baada ya mafuta, hesabu, pancha na posho ya utingo ndiyo riziki yake. Siku za kawaida, aliniambia, mara nyingine riziki hiyo ni nauli ya safari moja tu, ile ya mwisho.

Siku za sikukuu mambo ni tofauti. Gari hujaa kwenda na kurudi, jambo ambalo siku nyingine halipatikani, na siku hizo ndizo anazolipia madeni ya duka na ada za mwaka. Kwa hiyo dereva anayepaki gari sikukuu mosi anaitupa siku yake bora kuliko zote. Hoja hii sijamsikia mtu akiitoa barazani, ilhali kwangu mimi ndiyo ya kwanza. Tunamzungumza kana kwamba amekaa pembeni akitutazama tunavyohangaika, na kumbe katika watu wote atakaogusa kwa mgomo huo yeye ndiye atakayepoteza kwanza, na familia yake italiona pengo kwenye sinia ya chakula kabla sisi hatujaliona barabarani.

Ami alipoambiwa hayo alijibu kwamba kuna sheria, na mwenye malalamiko aifuate. Ni kweli. Tunayo Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka 2005, tunavyo vyama vya wafanyakazi na shirikisho lao la ZATUC, na mgomo ni haki inayotambulika ikiwa hatua za usuluhishi zimepitiwa. Lakini sheria hiyo inamfikiria mtu mwenye mwajiri, mwenye mkataba, mwenye mshahara unaoweza kupandishwa au kukatwa. Jirani yangu hana hata kimoja katika hivyo. Mwenye gari atasema hesabu haishuki kwa sababu vipuri vimepanda, mamlaka itasema bei ya mafuta inafuata soko la dunia, na wapanga nauli watasema mwananchi hana uwezo. Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na dereva anarudi kwenye usukani mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo, ambaye hana meza ya kuitwa, hubaki na barabara na kalenda tu. Halafu tunamwambia kalenda asiiguse.

Nimekumbuka yaliyotokea New York mwaka 2005, kwa sababu ubishi ulikuwa wa aina moja. Tarehe 20 Disemba, siku chache kabla ya Krismasi, wafanyakazi zaidi ya 30,000 wa treni za chini ya ardhi na mabasi waliacha kazi, na mji mzima ukatembea kwa miguu katika baridi. Meya Michael Bloomberg mwenyewe alivuka daraja la Brooklyn kwa miguu pamoja na watu wake. Wale walikuwa watumishi wa umma ambao sheria ya jimbo lao inawakataza kabisa kugoma, na kila siku waliyogoma ilikatwa mshahara wa siku mbili. Mgomo ulidumu siku tatu, chama chao kikapigwa faini, na kiongozi wao Roger Toussaint akahukumiwa kifungo cha siku kumi. Jambo ninalolipenda katika kisa hicho ni kwamba ugomvi mkubwa ulihusu michango ya pensheni ya wafanyakazi ambao walikuwa bado hawajaajiriwa. Watu walikatwa mishahara yao wakati wa Krismasi kwa ajili ya watu wasiowajua. Magazeti ya huko, kama baraza letu, yalishikilia tarehe.

Huku kwetu pia hatuwezi kujifanya kuwa mgomo ni jambo la kigeni. Mwaka 1948 wapagazi wa bandari ya Unguja waligoma kwa ajili ya ujira uliokuwa hautoshi kwa gharama za maisha, na mgomo wao ukaenea mpaka ukawa mgomo wa mji mzima. Ng'ambo nzima, yaani mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ilisimama nao. Na karibu zaidi, Bara, tarehe 10 Aprili 2015, siku tano tu baada ya Pasaka, madereva wa mabasi walisimamisha usafiri na kituo cha Ubungo kikajaa watu waliokaa juu ya mizigo yao, kisa kikiwa ni sharti la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa. Kabla ya siku ile sharti hilo lilikuwa limelalamikiwa bila ya mtu kushituka. Magari yaliposimama, viongozi walifika. Sifurahii somo hilo, lakini madereva wa Unguja wana macho na masikio kama sisi, na wamelisoma.

Mpaka hapa ningeweza kuonekana nimeshajiunga na jirani yangu moja kwa moja. Sivyo, na aliyenirudisha ni shangazi yangu wa Wete, kisiwani Pemba. Nilimpigia simu kumuuliza kama watoto wake wa Unguja watakwenda kula naye sikukuu, nikamsimulia habari za uvumi wetu, naye akanikatiza. "Mwanangu, gari zikisimama mtakwenda kwa miguu," alisema. "Sisi boti zikisimama tutakwenda na nini?"

Ni swali ambalo watu wa Unguja hatujiulizi mara nyingi. Pemba ina watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wana watoto, waume au kaka wanaofanya kazi Unguja na Dar es Salaam, ambao hurudi nyumbani kwa wakati mmoja, katika siku zile zile za mwisho za Ramadhani. Ndege ni ndogo na si za mfuko wa kila mtu. Iliyobaki ni bandari ya Malindi, hapa Unguja, zinakoondokea boti. Na msongamano wa bandarini una historia ambayo hakuna Mpemba anayehitaji kukumbushwa: usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kama kumi baada ya Idi, meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikielekea Pemba ilizama karibu na Nungwi, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Siku ile hapakuwa na mgomo wowote, na sitaki kuwasingizia wagomaji msiba usio wao. Ninalosema ni kwamba tunajua watu wenye haja ya kufika hufanya nini wanapoona chombo kimoja tu kimebaki. Wanapanda. Siku mbili za boti kusimama kabla ya Idi zitafuatwa na siku ya tatu ambayo wote watataka kuondoka pamoja, na wengine hawatasubiri hiyo ya tatu, watakwenda kutafuta jahazi.

Kwa hiyo nayatenganisha mambo mawili ambayo barazani yanachanganywa. Mgomo wa nchi kavu siku ya sikukuu unaumiza, lakini unaweza kustahimilika ikiwa umetangazwa mapema kiasi cha mtu kupanga shughuli zake. Ufaransa, ambako treni ziligoma Disemba ya mwaka 2019 hadi Krismasi ikapita, sheria ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi wa usafiri wa nchi kavu atoe taarifa saa 48 kabla kwamba yeye binafsi atagoma, ili abiria wajue treni ipi ipo na ipi haipo. Madereva wetu wakifanya hivyo, hata kwa tangazo la redio, nusu ya hasira za ami zitakwisha. Bahari ni jambo jingine. Hata Shirika la Kazi Duniani, ambalo kwa kawaida haliuhesabu usafiri miongoni mwa huduma ambazo mgomo wake unaweza kupigwa marufuku, kamati yake ya uhuru wa vyama imekubali kwamba kwa vivuko vinavyohudumia visiwa panaweza kuwekwa makubaliano ya huduma ya lazima itakayobaki wakati wa mgomo. Hilo lingefaa liandikwe kwetu siku za utulivu, baina ya mabaharia, wenye vyombo na bandari: safari moja kwenda na moja kurudi kila siku, wagonjwa na watu wa msiba kwanza.

Nilipomweleza jirani yangu fikra hiyo ya huduma ya lazima, alicheka kidogo akaniambia kuwa wao wanayo siku zote, ila hawajapata kuiita kwa jina hilo. "Mwalimu, ikija habari ya maziko gari inatoka," aliniambia. "Hata iwe imepakiwa kwa ugomvi gani." Na ni kweli, kwa sababu hapa maiti hazikwi kesho ikiwa anaweza kuzikwa leo, na sijapata kumsikia dereva aliyewakatalia watu wa maziko kwa sababu yoyote ile. Nimemwomba usiku wa leo aje barazani aseme maneno hayo mbele ya ami. Amekubali, kwa sharti kwamba ami naye aje amejitayarisha kujibu ni siku gani ya mwaka dereva akipaki gari yake mtu atamsikiliza.