Kumbukumbu ya mradi wangu: tovuti ya mazingira ya Dar es Salaam, wiki ya sita

Lengo halijabadilika tangu nianze: kueleza kwa Kiswahili juhudi za mazingira jijini Dar es Salaam, kuanzia mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016 na marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019, hadi usafi wa Mto Msimbazi, kwa namna ambayo hata asiyeona, asiyesikia au mwenye bando dogo ataweza kuifuatilia bila kuomba msaada.

Wiki hii rafiki yangu asiyeona aliifungua kwenye kompyuta yake yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Hata aya ya kwanza haikuisha, akanyanyua mkono. Nilikuwa nimeandika kwamba mafuriko hujaa pale Jangwani na kuifikia karakana ya mabasi. Neno "pale" sauti ikalitamka "peili", kwa sababu ilidhani inasoma Kiingereza. Alirudia sentensi ile mara tatu, kichwa kimeinama, kabla ya kuielewa, na mimi niliyekaa kando yake niliumia, kwa kuwa maandishi niliyoyapigia msasa kwa mwezi mzima yalikuwa yakimfikia kama kelele.

Chanzo tulikipata katika mstari wa juu kabisa wa msimbo. Kiolezo nilichoanzia kilitaja lugha ya ukurasa kuwa "en", yaani Kiingereza, nami sikuwahi kuutazama mstari huo. Nilipoandika "sw", yaani Kiswahili, sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya NVDA ilishika kazi papo hapo. Si sauti tamu, lakini "pale" ikawa pale. Nawasihi wote wanaotengeneza tovuti za Kiswahili waukague mstari huo leo, kwani herufi mbili tu ndizo zinazomtenga msomaji na habari inayomhusu.

Rangi nayo imebadilika. Kijani cha jani changa, chenye namba #4CAF50, kilinivutia sana, ila kikiwekwa juu ya nyeupe uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma haufiki hata 3 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Sasa natumia #1B5E20, kijani cha majani ya mwembe, ambacho kinavuka 7 kwa 1 na kinasomeka hata juani kituoni.

Ramani ya maeneo ya kukusanyia taka nimeiacha, lakini chini yake nimeweka jedwali lenye kata, mtaa na siku ya gari la taka, maana mtu anayesikiliza hawezi kuipapasa picha, na kwa kweli hata wanaoona wengi wanachotafuta ni siku ya gari tu. Picha nimezipunguza uzito, na kila moja ina maelezo yanayosema kinachoonekana.

Kilichobaki kigumu ni video ya usafi wa ufukwe. Manukuu nimeshaandika hadi dakika ya nne. Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania amekubali kurekodi Jumamosi ijayo, na hadi hapo video haitapandishwa.