Kumbukumbu ya mradi: seti ya Topps 1987, kadi 778 zimepatikana, zimebaki 14

Hali ya sasa: seti hii ni ya kadi za besiboli za kampuni ya Topps ya Marekani, na kadi 778 kati ya 792 zimo ndani ya mafaili, zimepangwa kwa namba. Kati ya 14 zilizobaki, 5 ni za majina makubwa ambazo ziliachwa makusudi hadi mwisho, na sababu yake iko chini.

Kumbukumbu hii inaandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia kwenye ukusanyaji wa kadi za besiboli na hajui aanzie wapi. Ushauri ni huu: achana kwanza na pakiti mpya za bei mbaya. Chukua seti moja ya zamani iliyochapishwa kwa wingi, uijenge namba kwa namba mpaka ikamilike. Utajifunza kukagua, kupanga, kuhifadhi na kununua, na ukikosea utakuwa umepoteza senti, si mamia ya dola.

Kwa nini mwaka 1987

Hadi 1980 Topps walikuwa karibu peke yao sokoni. Mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss zikaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu Marekani walikuwa wananunua kadi kama hisa. Waliweka maboksi stoo bila kuyafungua, wakingoja bei ipande. Viwanda navyo vikachapa na kuchapa. Ndiyo maana kadi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimejaa mpaka leo na bei zake ziko chini. Linganisha na kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya Topps 1952, namba 311, ambayo moja iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kadi za 1952 zilizododa zilitupwa baharini mwaka 1960, kwa hiyo zilizonusurika ni chache. Za 1987 zilitunzwa, tena kwa uangalifu mkubwa.

Ni seti nzuri pia kwa macho. Pembezoni ina rangi ya mbao, ikikumbusha seti ya 1962. Nembo ya timu iko kwenye duara juu kushoto, na jina la mchezaji liko kwenye kibandiko cha rangi chini kulia. Nyuma ni njano na buluu juu ya karatasi ya kijivu. Ukikuta nyuma nyeupe inayong'aa na mbele kuna vanishi, hiyo ni Tiffany, toleo la pekee la mwaka huohuo. Usiichanganye na za kawaida.

Boksi la kwanza

Boksi lina pakiti 36, kila pakiti ina kadi 17 na kipande cha bigijii. Jumla kadi 612. Zilizopatikana bila kujirudia ni 409, zilizojirudia 203, zikabaki 383 za kutafuta.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani boksi la pili litawapa nyingine 383. Kwa hesabu ya bahati nasibu, boksi la pili lingeleta kadi mpya kama 206, la tatu 95, la nne 44. Baada ya maboksi manne ungekuwa bado huna 38, na nyumbani una lundo la kadi zaidi ya 1,600 zilizojirudia. Na hiyo ni hesabu ya kadi zilizochanganywa vizuri. Kadi hizi zilichapwa kwenye karatasi kubwa zenye kadi 132, na karatasi 6 ndizo zinazotoa 792. Zikikatwa na kufungwa kwa mfuatano, pakiti za boksi moja huweza kurudia majina yaleyale kwa mpangilio uleule.

Kwa hiyo boksi moja linatosha. Zilizobaki nunua moja moja au kwa fungu. Tena ukweli usemwe: seti iliyokamilika mara nyingi hupatikana kwa bei ya boksi moja, au chini yake. Anayetaka kumiliki tu, anunue hiyo. Mradi huu ni wa anayetaka kujua.

Bigijii na nta

Pakiti za mwaka huo zilifungwa kwa karatasi yenye nta. Ndani ya kila pakiti kadi mbili za pembeni ndizo zinazoumia: moja imelalia bigijii, nyingine imegusana na mkunjo wa karatasi uliobandikwa kwa joto. Ziweke kando mara tu unapofungua, kabla hazijaambukiza nyingine. Bigijii yenyewe sasa ni ngumu na husagika kama chaki. Itupe, usiionje.

Nta iliyoko upande wa mbele hutoka. Chukua kipande cha stokingi safi ya nailoni, kikunje kidoleni, sugua taratibu kwa mzunguko bila maji wala mafuta. Inamisha kadi kwenye mwanga wa taa: doa huonekana kama ukungu, na ukisugua vizuri ukungu huondoka na mng'ao hurudi. Upande wa nyuma hakuna dawa. Karatasi ya nyuma haijapakwa kitu, nta hunywewa ndani, na ukilazimisha unachubua maandishi. Kadi ya namna hiyo andika "nta nyuma" kwenye orodha, uitumie mpaka upate nyingine.

Kupanga

Usipange 612 kwa mkupuo. Namba iko nyuma ya kadi. Gawa kwanza kwa mamia: 1 hadi 99, 100 hadi 199, na kuendelea, mafungu 8. Kila fungu ligawe kwa makumi, kisha kila kumi upange kwa namba.

Orodha iko kwenye Excel, safu tano: namba, jina, hali, idadi ya ziada, chanzo. Safu ya "ziada" ndiyo inayosaidia kubadilishana na wengine, maana hizo 203 ni mtaji.

Kukagua kadi

Pembezoni ya rangi ya mbao haifichi kitu. Kona ikigongwa hata kidogo, karatasi nyeupe ya ndani hutokeza kama punje ya chumvi. Shika kadi kwa kingo zake, iweke juu ya kitambaa cheusi, tazama kona nne moja moja chini ya kioo cha kukuzia mara 10. Kisha kingo, hasa ya chini, kuona kama imemeguka. Kisha uso, ukiinamisha kwenye mwanga kutafuta mikunjo midogo na vitone vya wino.

Mwisho pima usawa wa pembezoni. Tumia rula ya plastiki inayoonyesha milimita. Kushoto ikiwa 3 na kulia 2, jumlisha upate 5, kisha gawa: usawa ni 60 kwa 40. Rudia juu na chini. Kuna kadi zilizokatwa mshazari, ambapo pembezoni ni pana upande mmoja wa juu na nyembamba chini yake. Hizo hupimwa pale palipo pabaya zaidi.

Kuhusu kupeleka kadi PSA, kampuni inayokagua kadi kwa ada, zipewe daraja la 1 hadi 10: kwa seti hii, usipeleke. Ada ya kadi moja inazidi bei ya karibu kadi zote zilizomo.

Kuhifadhi

Kadi ya kawaida ina inchi 2.5 kwa 3.5, kipimo ambacho Topps walianza kukitumia 1957. Kurasa za plastiki zenye mifuko 9 zinaitosha sawasawa, na 792 kugawa kwa 9 ni 88 kamili, hakuna mfuko unaobaki wazi. Tumetumia mafaili mawili ya kurasa 44. Chagua kurasa zilizoandikwa hazina PVC, kwa kuwa PVC hutoa mvuke na baada ya miaka hunata kwenye kadi. Pete za faili ziwe za umbo la D. Pete za duara hukunja kurasa za mwanzo na za mwisho, na kadi za safu ya ndani hupata alama ya mbonyeo. Faili lisimame wima kama kitabu, lisilazwe.

Kadi ya jina kubwa huingia kwanza kwenye kifuko laini, kisha kwenye ganda gumu la unene wa pointi 35, ambako pointi moja ni sehemu ya elfu ya inchi. Kona nyingi huharibika wakati wa kuingiza. Kata pembe ya mdomo wa kifuko kwa mkasi, sentimita moja tu kwa mshazari, na kadi itateleza bila kugonga. Mdomo wa ganda ufunge kwa maskingtepu iliyokunjwa ncha ili ivutike. Selotepu huacha gundi. Rababendi isiguse kadi kabisa, inakata kingo.

Zilizojirudia ziko kwenye boksi la kadi 800. Likiwa nusu tupu, jaza nafasi kwa sponji, la sivyo kadi hulala na kupinda. Boksi lisikae chumba cha chini ya nyumba: hewa ya humo huwa na unyevu, na karatasi hupinda kama ganda la ndizi. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unafaa.

Kununua zilizobaki

Kadi 369 za kuziba pengo zilinunuliwa kwa mafungu, nyingi kwenye masoko ya kadi ya mtandaoni ya SportLots na COMC, ambako unachagua namba unazotaka. Kanuni moja iliokoa fedha: usinunue kadi 3 kwa muuzaji mmoja na 2 kwa mwingine. Usafirishaji unazidi bei ya kadi. Ngoja mpaka muuzaji mmoja awe na 30 au zaidi. Kwenye eBay angalia bei za kadi zilizokwisha kuuzwa, siyo bei zinazoombwa.

Zilizobaki 9 ni za wachezaji wa kawaida ambazo zilifika na kona zilizogongwa zikarudishwa. Zile 5 ni Bo Jackson namba 170, yenye maandishi ya Future Stars ya rangi za upinde wa mvua, Barry Bonds 320, Mark McGwire 366, Will Clark 420 na Barry Larkin 648. Ziliachwa mwisho kwa sababu jicho lililokwisha kukagua kadi 778 huona kasoro ambayo wiki ya kwanza lisingeiona. Kila muuzaji ataombwa picha tatu: mbele, nyuma, na moja ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga. Asiyetuma hiyo ya tatu anarukwa.