Siku moja maishani mwangu: kupanga safari ya London hadi New York

Saa 12 asubuhi. Mimi ni mpangaji wa safari za ndege, napokea zamu. Ya kwanza mezani ni ndege ya Heathrow, kiwanja cha London, kwenda JFK, kiwanja cha New York, inaondoka saa 5. Umbali kwa njia fupi kabisa juu ya tufe ni kilomita 5,550 hivi, na huo haubadiliki. Kazi iko kwenye upepo.

Saa 1. Chati za upepo wa futi 34,000 hadi 39,000. Wakati wa baridi mkondo wa upepo mkali hukaa papo hapo tunapotaka kupita, ukivuma kuelekea mashariki. Njia za siku za kuvuka Atlantiki kwenda magharibi hupangwa na Shanwick, kituo cha kuongoza ndege, nasi tunachagua. Leo nachukua ya kaskazini, kilomita 5,700. Abiria akitazama ramani ataona tunazunguka bure. Kumbe ile fupi ingechelewa zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa hewani. Toa upepo wa mbele, wastani 130: zinabaki 770. Gawa 5,700 kwa 770, unapata saa 7 na dakika 24. Ongeza dakika 20 za kutambaa ardhini Heathrow, 10 za New York, na 10 za kupanda na kushuka. Jumla saa 8 na ushei. Geuza upepo uwe wa nyuma, safari ileile hewani ni saa 5 na nusu. Februari 2020, dhoruba ilipovuma, Boeing 747 moja ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa hiyo ukiulizwa "ni saa ngapi?", uliza kwanza ni upande gani na ni mwezi gani.

Saa 2. Mafuta. Boeing 787-9 hula takriban tani 5.5 kwa saa, hivyo safari ni tani 41. Juu yake asilimia 5 ya dharura, ya kufika kiwanja mbadala, na dakika 30 za kuzunguka angani ikisubiri kutua. Mbadala naweka Boston. Newark, kiwanja jirani, iko karibu mno: ukungu ukifunga JFK, mara nyingi nayo imefungwa. Kujaza tu matangi hakufai, maana kila tani ya ziada huchomwa asilimia 3 hadi 4 kwa saa kwa ajili ya kujibeba yenyewe.

Saa 4. Uzito wa mwisho wa mizigo. Ukizidi tani mbili tatu, narudia hesabu, kwani ndege nzito haifiki mapema kimo kilichopangwa. Rubani anasaini.

Saa 8 mchana. Ndege inavuka longitudo ya 30 magharibi, katikati ya Atlantiki. Ina injini mbili, kwa hiyo viwanja vya Shannon (Ayalandi), Keflavik (Aisilandi) na Gander (Kanada) lazima vifikike ndani ya muda ulioruhusiwa injini moja ikizima. Theluji ikifunga Gander, natafuta Goose Bay, nayo ya Kanada, na kumtumia rubani ujumbe.

Saa 12 jioni. Namkabidhi mwenzangu ndege ikiwa bado angani. Itafika saa 1 usiku ya London, saa 8 mchana ya New York. Mafuta ya kurudi yapigwe upya kwa upepo wa usiku, yasinakiliwe kutoka ya asubuhi.